Mdogo wangu anataka tuhamishe gemu letu kwenda Steam na kwenye simu, mi moyo unakataa

BARUA

Shikamoo Shangazi. Naandika kutoka Tanga mjini, maeneo ya Chumbageni, naomba jina langu usilitoe maana hii inshu inamhusu mtu wa damu yangu na ndugu zetu wengi wanasoma huku mtandaoni.

Mi natengeneza magemu. Programu naandika mimi, michoro anachora mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja Ngamiani kwa bibi mpaka watu wengine wanajua ni tumbo moja. Tulianza kwa kujifurahisha tu. Mjomba wetu anayeishi nje alikuja likizo akatuletea kile kikonsoli cha kuchezea magemu kinaitwa Playdate, sijui kama unakijua, ni kidogo kinaingia mfukoni, cha njano, skrini yake nyeusi na nyeupe basi, haina hata taa ya ndani kwa hiyo usiku lazima ukae chini ya balbu, na ubavuni kina hendeli ya kuzungusha. Kampuni inaitwa Panic, ya Marekani, ilianza kukituma kwa wateja 2022. Mi nilikipenda siku ileile. Vifaa vya kutengenezea magemu wanatoa bure, unaandika kwa Lua, ni lugha ya programu, na kuna simyuleta ya kwenye laptopu inayoiga kidude chenyewe, kwa hiyo hata bando likiisha kazi inaendelea.

Gemu letu ni la mvuvi wa mshipi, usiku, nje ya Kigombe. Ukizungusha hendeli mshipi unashuka gizani, ukizungusha kinyume unapanda, ukivuta kwa pupa unakatika, ukizubaa unanasa kwenye mwamba. Skrini nzima nyeusi na kamstari keupe kamoja kanashuka chini chini chini mpaka unaogopa. Na huko chini kabisa yupo silikanti, yule samaki ambaye wazungu walidhani kaisha duniani zamani za kale mpaka akapatikana Afrika Kusini 1938, na huku kwetu wavuvi wakaanza kumnasa kwenye majarife miaka ya 2003 na kuendelea mpaka serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake 2009. Kwenye gemu ukimpata unatakiwa umrudishe mzima, na kumshusha ndio kugumu kuliko kumvuta. Babu yetu alikuwa mvuvi, mambo mengi mle ndani ni yake.

Tuliliweka itch.io kwanza, ni tovuti ambayo watengenezaji wadogo wanaweka magemu yao wenyewe, baadaye likakubaliwa kwenye duka la wenyewe Playdate, wanaliita Catalog. Shangazi sikufichi, hatukutajirika, ila watu walilipenda kwa namna ambayo mi sikuitegemea. Kuna mtu aliniandikia imeli ndefu kwamba analicheza na baba yake mgonjwa, mzee hawezi kushika rimoti za magemu ya kisasa ila hendeli anaiweza. Kuna mwingine alitutafsiria kwa Kijapani bila kudai hata senti. Wale watu nawajua kwa majina, nikitoa apdeti wananiambia kilichoharibika ndani ya saa moja.

Sasa tatizo. Kuna mchapishaji wa magemu wa nje ametuandikia, anataka kulipeleka Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, kwenye konsoli ya Nintendo Switch na kwenye simu. Gharama za kuhamisha atatoa yeye, likianza kuuzwa anajirudishia hela yake kwanza halafu kinachobaki tunagawana nusu kwa nusu, nusu yake na nusu yetu. Kuna kipengele kinasema toleo la Playdate lisimame kuuzwa mwaka mmoja ili "kusiwe na mkanganyiko", na kingine kinampa yeye haki ya kutengeneza muendelezo. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu kalipuka kwa furaha. Mke wake ni mjamzito, yeye anashinda kwenye duka la stationari anachapa kadi za harusi na mabango, na anasema tumechora samaki miaka yote hii kwa watu wachache wenye kidude cha dola mia mbili ambacho hapa Tanga hakuna hata mmoja wa kumuuzia. Anasema rafiki zake mwenyewe hawajawahi kulicheza gemu alilochora. Mi nikamwambia bila hendeli lile sio gemu letu tena, akasema kama sitaki yeye anaondoka na michoro yake. Nilikasirika nikamjibu maneno makali. Mama mdogo akanipigia, kwa upole tu, akaniuliza "hivi we unamzibia mwenzio riziki kwa nini?" Tangu hapo tunasalimiana tu msibani na harusini.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Naogopa kwamba huku tunasifiwa kwa sababu tupo wachache, na kule kwenye watu wengi tukifika hakuna atakayegeuka kutuangalia. Nikikataa nampoteza ndugu, nikikubali nalipoteza gemu na wale watu waliotubeba. Nifanyeje Shangazi?

Mzungusha hendeli, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio, maana naona kuna barua tatu mle ndani zimefungwa pamoja. Moja ni ya kazi, kwamba gemu lililozaliwa kwenye mashine yenye hendeli likiondolewa hendeli linabaki nini. Moja ni ya pesa na karatasi ya mchapishaji. Na moja ni ya wewe na mdogo wako. Mmezibishania zote kwa wakati mmoja ndio maana kila mkianza kuongea mnaumizana, yeye anajibu ya pesa wewe unajibu ya hendeli.

Naanza na hapo uliposema ukikubali utawapoteza watu waliokubeba. Hili neno la kusaliti hujaliandika ila nimelisikia. Nikuulize, yule mwenye baba mgonjwa, ukitoa toleo la Steam kesho, kidude chake cha njano kitafanyaje? Kitaendelea kufanya kazi. Uzuri wa Playdate ni kwamba magemu unaweza kuyapakia mwenyewe hata nje ya duka lao, kwa waya au kupitia akaunti, ndio maana mliweza kuanzia itch.io. Kwa hiyo kutoka kwenda kwingine hakumnyang'anyi mtu kitu. Kinachoweza kumnyang'anya mtu ni kile kipengele cha kusimamisha mauzo mwaka mzima, na hicho sio sheria ya kuhama, hicho ni ombi la mtu mmoja. Naona umeyachukua mambo mawili ukayaona ni moja.

Na wengine walishapita njia hii. Kulikuwa na konsoli ndogo ikiitwa Ouya, ilitoka 2013 kwa dola 99, watu waliichangia mtandaoni zaidi ya dola milioni 8 kabla haijatengenezwa. Gemu lililosifiwa kuliko yote pale lilikuwa TowerFall la Maddy Thorson, na mwaka uliofuata, 2014, likatoka kwenye kompyuta na PlayStation 4, huko ndiko watu wengi walikolijulia. Ouya yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Razer 2015, na 2019 huduma zake zikazimwa. Fikiria waliokuwa na gemu lililopo pale tu. Sisemi Playdate itafika huko, Panic bado wanaiuza na 2025 wametoa msimu wa pili wa magemu, na ule uwezo wa kupakia mwenyewe unawakinga zaidi kuliko walivyokingwa wale. Nasema tu kwamba kukaa sehemu moja nako kuna hatari yake, usidhani kuhama ndio peke yake kuna hatari.

Huyohuyo Thorson na Noel Berry, 2015 walitengeneza kigemu kidogo kwa siku nne kwenye PICO-8, ambayo hata sio mashine ya kushika, ni konsoli ya kufikirika inayokaa ndani ya kompyuta, skrini yake pikseli 128 kwa 128 na rangi 16. Kikaja kukua kikawa Celeste ya 2018, iliyouza zaidi ya nakala milioni moja. Ninachokipenda mimi hapo ni kwamba kile kidogo hawakukitupa, mpaka leo kinachezwa bure, na ndani ya kile kikubwa wamekificha chumbani mchezaji akikipata anakicheza chote. Hawa hawakuchagua kimoja. Ila pia niseme ukweli, kile kigemu kilikuwa cha kuruka na kupanda, vitufe vya kurukia viko kila mashine. Chako kina hendeli, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Unasema bila hendeli lile sio gemu lenu tena. Inawezekana. Lakini umeshajaribu, au umehisi tu? Nauliza kwa heshima kabisa, maana hisia ya fundi ni kitu kizito, lakini nayo inastahili kupimwa. Wimbo wa taarabu ukipigwa bila ganuni unaweza kubaki wimbo, ila lazima mpigaji ajue ganuni ilikuwa imebeba nini ili ajue nani atakibeba. Hendeli yenu imebeba nini? Nikisoma maelezo yako naona imebeba uzito, yaani mkono unachoka kidogo. Imebeba muda, huwezi kufika chini haraka hata ukitaka. Na imebeba woga wa kukata mshipi. Woga na muda vinaweza kubebwa na sauti, na mtetemo wa rimoti, na lile giza. Uzito wa mkono sijui.

Kwa ufundi unajua kuliko mimi. Hendeli ya Playdate inakupa nyuzi za duara kamili, unajua kila mzunguko umefika wapi. Gurudumu la mausi linakuja kwa vipande, tk tk tk, mshipi utashuka kwa kurukaruka. Kijiti cha rimoti kinakupa pembe vizuri tu, ila kukizungusha muda mrefu kuna historia mbaya, Mario Party ya kwanza ilikuwa na michezo ya kuzungusha kijiti na watoto wakaanza kuchubuka viganja, mpaka mwaka 2000 Nintendo wakakubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa wachezaji glavu. Kwa hiyo kama mvutano wa silikanti wenu unachukua dakika nyingi, kijitini itabidi ufupishwe, na ukifupishwa umebadilisha kitu. Kwenye simu kidole kinazungushwa juu ya kioo, na kidole kinaziba palepale unapotakiwa kutazama. Sio kwamba haiwezekani, ila sio kazi ya kubofya na kuhamisha, ni kulitunga upya, na huyo mchapishaji muulize nani atafanya hiyo kazi ya kutunga, fundi wake asiyewahi kushika mshipi au wewe.

Na skrini pia. Yenu ni pikseli 400 kwa 240. Ukiikuza mara nne unapata 1600 kwa 960, kwenye televisheni ya 1920 kwa 1080 inabaki fremu nyeusi pande zote. Kwa gemu lingine ingekuwa aibu, kwa lenu la usiku wa bahari naona kama ile fremu ni bahari iliyoongezeka. Hapo mdogo wako ana kazi nzuri sana ya kufanya na sidhani kama umewahi kumuuliza angeichora vipi.

Pesa. Hili nalo nalisema taratibu maana matumaini ya mtu yako mle. Kuweka gemu Steam mwenyewe ni dola 100, zinarudi gemu likishaingiza dola 1,000. Ukishalipa unasubiri siku 30 kabla ya kutoa, na ukurasa wa "linakuja" uwe umekaa wazi angalau wiki mbili, ingawa wazoefu wanauweka miezi mingi kabla ili watu walihifadhi kwenye orodha zao. Wao wanachukua asilimia 30. Halafu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwenye mauzo yanayofanyika Marekani inakatwa asilimia 30 nyingine ya sehemu yako kabla haijafika benki. Chukua gemu la dola 5 lililonunuliwa Marekani: Steam wanabaki na 1.50, zinabaki 3.50, kodi inakula 1.05, inakufikia 2.45, wewe na mdogo wako kila mmoja dola moja na senti ishirini na kitu, na benki hapo bado haijakata yake. Ukipitia kwa mchapishaji, zile 3.50 zinaingia kwake, anajirudishia gharama zake kwanza, na zikishaisha hizo ndio nusu inakuja kwenu, yaani 1.75 mgawane wawili, na kodi humo humo. Inaweza kuwa nyingi kama nakala ni nyingi. Lakini mwaka 2024 peke yake Steam ilipokea magemu zaidi ya 18,000, na mtu akicheza chini ya saa mbili ndani ya siku 14 anaruhusiwa kurudisha na hela yake anapewa, kwa hiyo gemu fupi lina wasiwasi wake.

Kwa simu nitapita haraka. Google Play usajili ni dola 25 mara moja tu, na akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa ipate watu 12 wa kulijaribu siku 14 mfululizo kabla ya kufunguliwa, hao mnawapata hapohapo mtaani. Apple ni dola 99 kila mwaka. Watu wa simu wamezoea vya bure, kuwauzia gemu la kulipia ni vigumu, hilo mdogo wako alijue. Ila alichokisema kuhusu rafiki zake kimenigusa kuliko hesabu zote. Amechora bahari ya Tanga na hakuna mtu wa Tanga aliyewahi kuiona. Wewe umesikia pesa kwenye maneno yake, na pesa ipo, ana mtoto anakuja na hilo sio jambo la kumlaumu. Mi nimesikia pia mtu anayetaka kuonekana kwao. Unadhani mvuvi wa Kigombe mwenye Tecno yake akiliona hilo gemu atasema nini? Nadhani hata babu yenu angetaka kujua.

Sasa hiyo karatasi. Usiisaini kwa sababu ya mwisho wa mwezi, na usiikatae kwa sababu ya hasira. Yapo mambo ya kuuliza. Gharama atakazojirudishia zina kikomo au zinaweza kuongezeka tu, na nani anakagua. Kile kipengele cha muendelezo ndicho kinachonitisha kuliko kusimamisha mauzo, maana kinaweza kumfanya mtu mwingine atengeneze bahari ya pili ya babu yenu bila nyie kuwemo, na angalau mnaweza kuomba muwe wa kwanza kuulizwa, au kifutwe kabisa. Muulize haki zinarudi lini kwenu asipotoa gemu ndani ya muda, au akifunga biashara. Muulize kama anaweza kuchukua Switch tu, ambako mtu hawezi kuingia bila Nintendo kumkubali kuwa mtengenezaji na kupata mashine maalumu za kazi, halafu Steam mkafanya wenyewe. Huyo akiwa mtu mzuri hatakasirika kwa maswali. Akikasirika utakuwa umejua kitu.

Mkifanya wenyewe hatari ni nyingine. Miezi ya kuliandika upya, maana ile Lua yako ya mahesabu inaweza kuhamia kwenye kifaa cha kutengenezea magemu kama LÖVE ambacho nacho kinatumia Lua na ni bure, lakini kila mahali ulipoita vitu vya Playdate, michoro, sauti, hendeli, inabidi uandike tena. Miezi hiyo mdogo wako halipwi na mtoto hasubiri. Mnaweza kuanza na demo tu, yaani kipande cha gemu cha kuonja, mkaitoa itch.io na Steam, mkatazama watu wanaihifadhi au wanaipita. Steam wana tamasha la demo mara tatu kwa mwaka linaitwa Next Fest, ila gemu moja linaingia mara moja tu kwa hiyo msiende mkiwa hamjawa tayari. Demo haimfungi mtu, na ingewapa jibu la swali lako la hendeli kwa mikono ya watu badala ya ugomvi wa sebuleni. Lakini inachukua muda, na mchapishaji anaweza kuondoka. Hilo ni lenu kulipima.

Na ukiamua kubaki ulipo, napo sikucheki. Kuna watu wametulia kwenye mashine ndogo maisha yao yote ya kazi na wanafanya vitu vizuri, Panic wenyewe waliichagua ile skrini na ile hendeli ili watu wafikirie tofauti. Ila kubaki kwako kusimlazimishe na yeye kubaki. Hapo nauliza swali gumu: hilo gemu ni la nani? Umeandika "gemu letu" mwanzo mpaka mwisho, vizuri, lakini mna karatasi yoyote? Naona hamna. Akiondoka na michoro, kisheria michoro ni kazi yake, na programu ni kazi yako, na kila mmoja atabaki na nusu isiyochezeka. Kabla ya kumjibu mtu wa nje kaeni muandike ya kwenu wenyewe kwa Kiswahili, nani ana asilimia ngapi, nani anaamua nini, mmoja akitaka kutoka inakuwaje, na mama mdogo awe shahidi. Mkiona inakua, jina la biashara linasajiliwa BRELA, na akaunti ya kupokelea hela iwe na jina linalolingana na lile mtakalojaza kwenye fomu, maana majina yasipolingana malipo yanakwama.

Kuhusu ile hofu uliyoificha mwishoni, kwamba mnasifiwa kwa sababu mpo wachache. Mwanangu, mtu hatafsiri gemu zima kwa Kijapani bure kwa kuwa hakukuwa na la kuchagua. Yule mzee hakushika hendeli kwa kukosa cha kufanya. Kule kukubwa mnaweza kupitwa bila kuonekana, hiyo ni kweli na inawapata wazuri wengi kila wiki, na ikitokea haitafuta kilichokwisha kutokea huku. Lakini nisikudanganye kwamba haitauma. Itauma, na ni haki yako kujiuliza kama mwaka huu una nguvu ya kuumia hivyo.

Naona ungemtafuta mdogo wako kabla ya kufungua tena huo mkataba, na usianze na hendeli wala Steam. Anza na yale maneno makali, hujaniambia ni yapi lakini yeye anayakumbuka. Mkapunge upepo Raskazone jioni mkiwa wawili bila laptopu, umsikilize anaogopa nini kuhusu mtoto, na wewe umwambie hiki ulichoniambia mimi peke yangu. Akijua unaogopa hatafikiri tena unamzibia.

Mchapishaji mjibuni hata leo kwa mistari miwili, kwamba mmepokea, mnashukuru, mnaomba muda zaidi na mna maswali kadhaa. Hilo haliwafungi kwa lolote. Na mkikubaliana nyie wawili, mnitumie vile vipengele mkiwa mmefuta majina, tuvisome pamoja kimoja kimoja. Msalimie shemeji, na hongera kwa mgeni anayekuja.

Shangazi